Selimundu katika nchi kavu

Mtoto wa miezi minane akivimba vidole vya mikono na nyayo, pande zote mbili kwa wakati mmoja, muuguzi mzoefu wa Kisumu au Kilifi hushuku selimundu kabla mama hajamaliza kueleza. Mtoto huyohuyo akiugulia upande wa Migwani, kaunti ya Kitui, huenda watu wakaanza na mengine yote: ameanguka, ameumwa na mdudu, ana malaria. Huo si uzembe. Tabibu hufikiria kwanza kile anachokiona kila siku, na selimundu Ukambani haionekani kila siku.

Kwa nini haionekani? Mwaka 1949 kijana aliyesomea Oxford, Anthony Allison, alikuja na msafara wa chuo hicho uliokuwa ukielekea Mlima Kenya. Hakuwa mgeni, kwani alikulia humu nchini, Bonde la Ufa. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wamebeba jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu na nchi kavu ya katikati, hawakufika hata 1 katika 100.

Allison aliona kwamba jeni hiyo imejaa palepale malaria ilipojaa. Mwaka 1953 alirudi, akawaambukiza malaria watu wazima 30 wa kabila la Waluo waliojitolea, nusu yao wakiwa wamebeba jeni hiyo. Kati ya 15 wasio nayo, 14 waliugua. Kati ya 15 walio nayo, waliougua ni 2 tu. (Walitibiwa, lakini leo jaribio la namna hiyo lingekaa sana mezani kwa kamati ya maadili kabla ya kuruhusiwa.) Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI kule Kilifi wamekuja kuonyesha kwamba mtoto aliyebeba jeni moja amekingwa dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Basi Migwani haikuepushwa na jambo lolote la kikabila. Ni mvua chache. Mbu wanaoeneza malaria huongezeka baada ya masika na vuli, kisha hupungua ardhi inapokauka, na mahali ambapo malaria haiui watoto mwaka mzima, kubeba jeni hiyo hakuleti faida ya kuifanya izagae.

Jeni yenyewe imebadilika mahali padogo mno. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake, imeundwa kwa minyororo ya asidi amino. Katika mnyororo wa beta, nafasi ya sita, glutamiki imeondoka na valini ikakaa mahali pake. Vernon Ingram aligundua hilo Cambridge mwaka 1956. Badiliko hilo moja hufanya himoglobini zinate na kujipanga kuwa nyuzi ngumu kila zinapoachia oksijeni. Chembe nyekundu hupinda umbo la mundu, hukwama katika mishipa midogo na kufa mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii huishi siku 10 hadi 20. Kutoka hapo huja upungufu wa damu, macho ya manjano, maumivu makali ya mifupa, bandama inayoshindwa kukinga mwili, na kwa wengine kiharusi wakiwa bado watoto. Miezi ya kwanza mtoto huonekana mzima kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi.

Ugonjwa hauji mpaka mtoto arithi jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, wakidhani kwamba aliyekwisha kuzaa mgonjwa mmoja sasa ana watatu wazima wanaomngoja. Ni kama kurusha sarafu: haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Na anayelaumiwa kwa kawaida ni mama, ingawa bila jeni ya baba mtoto asingeugua.

Jeni husafiri na watu, na Wakamba ni wasafiri wa siku nyingi. Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alikuwa akipeleka pembe za ndovu Mombasa. Ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, miaka 100 kabla ya msafara wa Allison. Wakamba wengine walihamia nyuma ya Mombasa wakati wa njaa, wakaishi jirani na Rabai. Leo barabara inatoka Kibwezi, Makueni, inapita Mutomo na Kitui hadi Migwani, na ndoa kati ya watu wa bara, pwani na ziwa ni jambo la kawaida. Kusema "kwetu hakuna ugonjwa huo" hakutoshi.

Kipimo cha bei nafuu cha kutazama chembe zikipinda chini ya darubini hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Jibu la chanya huhitaji kufuatwa na elektroforesi ya himoglobini, au kadi za kisasa zinazosoma tone la damu ya kidole kwa dakika chache. Mimi ningeanza kupima watoto wachanga kabla ya wachumba. Mtoto akijulikana mapema hupewa peniseline kila siku hadi afikishe miaka 5, na kinga hiyo huokoa maisha. Kuna pia haidroksiyurea, kidonge kinachoirudisha himoglobini ya tumboni. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha maumivu yakipungua, na malaria na vifo pia. Tiba ya jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ina bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja Marekani. Ningependa kwanza kuona kidonge cha haidroksiyurea hakikosekani katika mji wa Mwingi, Kitui.

Kidonge hakiondoi haja ya maji. Mwili ukikauka, chembe hupinda zaidi, na figo za mgonjwa hushindwa kubana mkojo, hivyo hupoteza maji mengi kuliko wenzake. Ukame uleule uliozuia jeni isienee hapa humuumiza zaidi aliye nayo, hasa kiangazi, maji yanapochimbuliwa katika mchanga wa mito. Mwanafunzi mwenye selimundu hunywa mara kwa mara na huomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara, na mwalimu asiyejua sababu humhesabu kuwa mkwepa masomo.