Hunywi pombe, lakini je, ini lako li salama?



Tuseme mzee wa kanisa hapa Nyamwaga ameambiwa na daktari kwamba ini lake lina shida. Kabla hajafika nyumbani, minong'ono imeshamtangulia: kumbe alikuwa anakunywa kwa siri! Kwa kuogopa maneno hayo, mwingine ataficha majibu yake, na mwingine hatakwenda kupima kabisa.

Ndugu yangu, huko ni kumshuhudia jirani uongo. Upo ugonjwa wa ini kujaa mafuta usiotokana na pombe. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, tayari ni tatizo. Chanzo chake kikubwa ni uzito uliozidi, kisukari cha aina ya pili, sukari na wanga kupita kiasi, na mwili usioshughulishwa. Mwanzoni hauumi. Miaka ikipita, ini huweza kuvimba, likapata makovu, na kwa wengine mwisho wake ni saratani. Mwaka 2023 madaktari wa kimataifa waliubadilisha jina ugonjwa huu, sababu mojawapo ikiwa ni kuwaondolea wagonjwa aibu ya kuhusishwa na ulevi.

Hii si ruhusa ya kunywa; pombe nayo huliharibu ini. Lakini tusidhani kwamba kila kisicho pombe ni salama. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na karibu vijiko 9 vya chai vya sukari, na sukari inayozidi ini huigeuza kuwa mafuta. Nasi mgeni akija, heshima yake ni soda. Harusi, soda. Kikao cha kwaya, soda.

Soma Danieli sura ya kwanza. Kijana yule aliwekewa meza ya heshima, ya mfalme mwenyewe. Hakufanya fujo; aliomba kwa adabu ajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji, na siku hizo zilipokwisha uso wake ukawa ushahidi.

Wewe uanzie wapi? Anza na sahani. Nusu yake iwe mboga za majani, robo maharage, dagaa au samaki, na robo tu iwe ugali. Punguza sukari kwenye chai wiki hadi wiki. Kahawa inayolimwa kwenye milima yetu ya Tarime, ukiinywa bila sukari, si adui. Tafiti nyingi zimeihusisha na afya njema ya ini.

Kisha tembea. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki, zinatosha kuanzia. Kama kanisa lako si mbali, Jumapili mwache bodaboda apumzike. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 au 5, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikia kilo 7 hadi 9, hata uvimbe wa ini huweza kutulia. Shuka polepole, maana kujinyima chakula ghafla huweza kuliumiza ini zaidi. Na kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kwanza.

Jihadhari pia na dawa za kienyeji zinazonadiwa kuwa zinasafisha ini. Ini hilohilo ndilo linalozichuja, na baadhi yake hulijeruhi. Nenda hospitalini upime sukari na homa ya ini aina ya B na C, na umuulize daktari kama unahitaji kipimo cha ultrasaundi.

Nanyi wachungaji na wazee wa kanisa, sherehe ijayo wekeni maji na matunda mezani, na soda isiwe ndiyo heshima pekee. Mkisikia muumini ana ugonjwa wa ini, mtembeleeni na kumwombea bila kumuuliza alikunywa nini.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu tunalifagia kila siku, hatungoji lianze kuvuja.

Mungu akupe ujasiri wa kupima na uvumilivu wa kubadilika. Jumapili njema.