Kumsikiliza Mtumiaji Kabla ya Kumwonya: Njia ya Usanifu katika Kufundisha Usalama wa Mtandao

Mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuifahamu jamii inayomletea watoto. Kwa mwanachuo atakayepangiwa kazi Tunduma, jamii hiyo ni ya mpakani. Mji huu umo katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, nao unapakana na mji wa Nakonde wa nchi ya Zambia. Barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA hupita hapo, na mwaka 2019 nchi hizi mbili zilizindua kituo cha pamoja cha kuhudumia mpaka. Madereva wa malori husubiri foleni, wafanyabiashara wa nafaka huvuka huku na huku, na shilingi hubadilishwa kwa kwacha. Malipo ambayo zamani yalifanywa kwa noti mkononi, sasa aghalabu hufanywa kwa simu.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Tanzania mwaka 2008. Faida zake ni nyingi, lakini pamoja nazo umekuja utapeli. Ujumbe mfupi usemao kwamba ile fedha itumwe kwa namba hii unajulikana na karibu kila mwenye simu. Mtu aliyekuwa tayari kumlipa mwenye mahindi huupokea, hudhani umetoka kwake, akatuma. Fedha iliyopotea hivyo yaweza kuwa mtaji wa msimu mzima, au sare na madaftari ya mtoto aliye mbele yako darasani. Isitoshe, katika nyumba ambamo mzee hajui kusoma au macho yake yamefifia, mara nyingi mwanafunzi ndiye msomaji wa ujumbe huo. Kwa hiyo somo la usalama wa mtandao si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Limekwisha kuingia katika kazi ya mwalimu.

Makala hii yaeleza njia moja ya kulifundisha: kuanza na haja za watumiaji badala ya kuanza na orodha ya makatazo.

Maana ya maneno

Usalama wa mtandao ni kazi ya kulinda simu, kompyuta, taarifa na fedha za watu dhidi ya wale wanaoziingilia kwa hila. Mtumiaji ni yule anayetakiwa kuutekeleza ulinzi huo katika shughuli zake za kila siku: mama ntilie, dereva, wakala, babu aliye kijijini.

Haja isiyotimizwa ni jambo analolihitaji mtumiaji ili afanye shughuli yake kwa salama, ambalo vifaa, kanuni na mafunzo aliyo nayo hayampatii. Mara nyingi yeye mwenyewe hawezi kulitaja, kwa kuwa amekwisha kulizoea pengo hilo na kujitafutia njia ya mkato. Ameandika namba yake ya siri nyuma ya simu, amemtajia wakala, amempa mjukuu simu yote. Kila njia ya mkato ya namna hii ni dalili ya haja.

Njia ya usanifu ni utaratibu wa kuitafuta haja hiyo na kuitengenezea jawabu pamoja na mwenyewe. Fundi cherehani mwema hakati nguo kwa kukisia. Humpima mteja, hukata, hupiga bandi, humvisha ajaribu, hurekebisha, ndipo hushona moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kimeueneza utaratibu wa namna hii kwa hatua tano: kumwelewa mtu, kuitaja haja yake, kubuni mawazo, kutengeneza kielelezo na kujaribu.

Kwa nini onyo peke yake halitoshi

“Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.” Onyo hili ni la kweli, nalo lapaswa kufundishwa. Lakini tumfikirie bibi mmoja wa mfano, ambaye haoni vizuri maandishi madogo ya simu. Mwanawe amemtumia fedha ya dawa. Afika kwa wakala, ampa simu, amtajia na namba. Onyo amelisikia mara nyingi. Linamkataza njia pekee anayoijua, wala halimpi nyingine. Ukimwita mzembe, utakuwa umemtukana bila kumsaidia.

Wataalamu wamelitambua jambo hili zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, alipoandika juu ya maandishi ya siri ya majeshi, aliweka miongoni mwa masharti yake kwamba mfumo uwe rahisi kutumia na usimchoshe mtu akili. Mwaka 1999 Anne Adams na Angela Sasse, wakiandika kutoka Uingereza, walionyesha kwamba wafanyakazi wengi waliovunja kanuni za maneno ya siri hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Kanuni zilipingana na kazi zao, na wala hawakuwa wameelezwa vya kutosha hatari yenyewe. Watumiaji, walisema waandishi hao, si maadui.

Wala tusidhani kwamba njia hii ni ngeni kwetu. Katika miaka ya 1970, kijijini Bwakira Chini, Mkoa wa Morogoro, wanakijiji na wataalamu walikaa pamoja wakajadili sababu za kuharibika kwa nafaka ghalani. Hawakuletewa ghala la kigeni lililokwisha kukamilika. Walichunguza maghala yao wenyewe, wakayaboresha. Kuilinda fedha iliyomo katika simu kwafanana na kuilinda nafaka iliyomo ghalani: anayejua panya hupitia wapi ni mwenye ghala.

Hatua tano darasani

Hatua ya kwanza: kusikiliza na kuangalia. Wanafunzi wa darasa la tano au la sita wapewe kazi ya kuzungumza na mtu mzima mmoja wa nyumbani. Wafundishwe kwanza kuuliza. Swali kama “Je, unatunza namba yako ya siri?” halifai, kwani mtu atajibu “ndiyo” kwa kuona haya. Swali lifaalo huomba habari ya tukio: “Shikamoo, bibi. Mara ya mwisho ulipokwenda kutoa fedha, ilikuwaje? Ulianza kufanya nini? Ni wapi palikutatiza?” Mwanafunzi asikilize, asikosoe, kisha aandike maneno ya msemaji kama yalivyosemwa.

Hatua ya pili: kuitaja haja. Darasa lisome habari zilizokusanywa na kutunga sentensi za namna moja: mtu fulani, akiwa katika hali fulani, anahitaji kufanya jambo fulani, kwa sababu fulani. Mathalani: “Bibi asiyeona maandishi madogo anahitaji kutoa fedha bila kumtajia mtu namba yake, kwa sababu anayemsaidia leo siye atakayemsaidia kesho.” Au: “Mnunuzi wa mahindi anahitaji kuhakikisha upesi kwamba namba mpya ni ya mwenye mali kweli, kwa sababu gari halisubiri.” Mwalimu awe macho hapa. Mwanafunzi akiandika “Bibi anahitaji simu kubwa”, ametaja jawabu, hakutaja haja. Amrudishe kwa swali moja: simu hiyo ingemwezesha kufanya nini?

Hatua ya tatu: kubuni mawazo. Kila kikundi kitoe mawazo mengi kadiri iwezekanavyo, na lisikataliwe hata moja kabla ya yote kuandikwa ubaoni. Kwa haja ya bibi, wengine watasema mjukuu amfikishe hadi hatua ya mwisho, kisha amrudishie simu na kugeuka kando wakati bibi akibonyeza namba. Wengine watakumbuka kwamba katika simu za vitufe, kitufe cha 5 huwa na kinundu. Kwa hiyo mtu aweza kujizoeza kubonyeza namba yake kwa kupapasa. Kwa haja ya mnunuzi, wengine watapendekeza kwamba namba ya malipo isibadilishwe ila kwa kusikia sauti ya mwenyewe kupitia namba ya zamani. Wengine, kwamba jina la mpokeaji linaloonyeshwa na simu lisomwe kwa sauti kabla ya kuthibitisha.

Hatua ya nne: kutengeneza kielelezo. Hapa hapahitajiki simu wala umeme. Kipande cha boksi chatosha kuwa simu, kikichorwa vitufe vyake, na kinundu cha kitufe cha 5 kikatengenezwa kwa punje ya mtama na gundi. Vipande vya karatasi viandikwe ujumbe mbalimbali, wa kweli na wa utapeli. Kielelezo kiwe cha gharama ndogo, ili kisipofaa kitupwe bila majuto.

Hatua ya tano: kujaribu. Mwanafunzi mmoja awe bibi, amefungwa kitambaa machoni. Mwingine awe mjukuu. Wengine wawe mnunuzi na mwenye mahindi, na mwalimu mwenyewe achukue nafasi ya tapeli anayeharakisha watu. Darasa liangalie jawabu linakwama wapi. Huenda ikaonekana kwamba mnunuzi hana salio la kupiga simu. Basi wazo la kuhakikisha kwa sauti lahitaji kuongezewa: amwombe jirani apige, au angoje, maana kutotuma fedha nako ni jibu. Jawabu likikwama, darasa lirudi nyuma, pengine hadi hatua ya kwanza. Baadaye wanafunzi walipeleke jawabu nyumbani na kumwuliza mwenye haja kama lamfaa. Yeye ndiye mwamuzi.

Mpango wa vipindi

Kazi hii yaweza kufanywa kwa vipindi vinne ndani ya somo la Kiswahili, kwani ina mahojiano, uandishi, majadiliano na maigizo. Kipindi cha kwanza ni cha kujifunza kuuliza. Kati yake na cha pili wapewe siku kadhaa za kuzungumza nyumbani. Kipindi cha pili ni cha kutaja haja. Cha tatu, cha kubuni na kutengeneza. Cha nne, cha kujaribu. Mwalimu asipime wingi wa makatazo waliyoyakariri wanafunzi. Apime kama sentensi ya haja imetoka katika maneno ya mtu halisi, na kama jawabu lilibadilika baada ya kujaribiwa.

Hadhari

Kwanza, mwalimu amweleze mwalimu mkuu na wazazi shabaha ya kazi kabla ya kuianza. Pili, isiulizwe wala isiandikwe namba ya siri ya mtu, wala kiasi cha fedha alicho nacho. Majina ya watu yaachwe. “Bibi mmoja” yatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatukumbusha kwamba habari za mtu si mali ya kuchezea. Tatu, aliyetapeliwa asichekwe. Mtu akiaibishwa huficha, na jambo lililofichwa halimfundishi jirani. Nne, mjukuu amsaidiaye bibi afundishwe kwamba kuaminiwa ni dhamana.

Yafaa pia mwalimu azifahamu njia rasmi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hushughulikia udanganyifu wa aina hii. Namba inayotuma ujumbe wa utapeli hutolewa taarifa kwa kuipeleka kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofanywa kati ya mwaka 2019 na 2020, mtu aweza kubonyeza *106# na kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akabebeshwa laini asiyoijua.

Mwisho, zipo haja ambazo darasa haliwezi kuzitimiza. Maandishi madogo ya simu, lugha ngumu ya ujumbe wa kampuni, na ugumu wa kurudisha fedha iliyotumwa kimakosa ni mambo ya watengenezaji, kampuni na serikali. Hata hivyo, haja iliyotajwa vizuri kwa maneno ya mwenyewe yaweza kufikishwa kwa wahusika, na barua ya kuifikisha ni zoezi jema la uandishi. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza, kusikiliza na kujaribu atakuwa na msaada kwa nyumba yake hata utapeli wa leo utakapobadilika sura, maana atakuwa na njia ya kuuchunguza ule mpya.

Maswali ya kujadili

1. Mchague mtumiaji mmoja wa eneo la chuo chako. Andika maswali matatu yatakayomfanya asimulie tukio, badala ya kujibu ndiyo au hapana.

2. “Dereva anahitaji kuonywa zaidi.” Eleza kwa nini sentensi hii haijataja haja, kisha iandike upya.

3. Taja njia moja ya mkato ambayo watu huitumia kwa namba zao za siri. Yadokeza haja gani?