FAMILIA NA KINGA: TUANZEJE KUPANDA MILIMA?

Mwezi huu tunazungumza juu ya kinga. Wengine mnasema velo, wengine baiskeli. Hapa Mutakura tunaiona kila siku ikibeba makaa, mihogo, madumu ya maji na abiria. Je, inaweza pia kuwa mchezo wa familia nzima, kwenye vilima vyetu? Tunasema ndiyo. Ila mlima hauchezewi, ndiyo maana tunaandika.

Mchezo ulianza na kinga za zamani

Usiseme, "Huo ni mchezo wa matajiri." Katika miaka ya 1970, vijana wa California, Marekani, walichukua kinga nzito za zamani wakashuka nazo mlima Tamalpais. Breki zao zilipata moto mpaka grisi ikaungua, ikawa lazima kutia nyingine. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia Olimpiki kule Atlanta. Na mwaka 2012, jirani yetu Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana London, akabeba na bendera ya nchi yake. Basi hata sisi tuanze na tulicho nacho.

Kagua kwanza

Kabla ya kutoka, baba au mama aangalie vitu vinne:
1. Breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Kinga yenye breki moja, au ya kusimamisha kwa kandambili, ibaki tambarare.
2. Matairi. Yakiwa yamechanika, mwone fundi.
3. Cheni iwe na mafuta, isilegee.
4. Usukani na magurudumu visitikisike.

Kiti nacho kina kipimo. Ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kwa mtoto anayejifunza ni tofauti: shusha kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Mkiweza, ondoeni pedali kwanza, ajisukume kwa miguu. Akishajua kusimamisha mwili bila kuanguka, pedali zitakuwa rahisi.

Wiki za kwanza: tambarare

Mutakura ni tambarare, tushukuru. Anzieni kwenye njia ya vumbi isiyo na magari, asubuhi mapema kabla ya jua kali. Jifunzeni kufunga breki taratibu, kukata kona, na kutazama mbele pale mnapotaka kupita. Ukikodolea macho jiwe, utaligonga.

Familia nyingi zina kinga moja tu. Hakuna shida: kila mtu apate zamu yake. Na mabinti wasiachwe nyumbani na masufuria. Anayejua kinga anafika sokoni na shuleni kwa haraka, awe msichana au mvulana.

Mtoto akibebwa nyuma, angalieni miguu yake. Mguu ukiingia kwenye spoku, mtoto anaumia vibaya sana. Awe na pa kukanyagia, au mzibe pembeni ya gurudumu.

Kupanda na kushuka

Kinga ya gia nyingi, badilisha gia kabla mlima haujakaza, pedali zikiwa bado nyepesi. Ya gia moja, shuka usukume, siyo aibu.

Kushuka ndiko kunakoua. Simama kidogo juu ya pedali, zote mbili zikiwa sawa, sogeza mwili nyuma. Funga breki zote mbili kidogo kidogo, achia, funga tena. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, itakurusha. Ukibana bila kuachia kwenye mteremko mrefu, rimu inapata moto, na tyubu inaweza kupasuka.

Sasa neno kwa vijana wetu. Barabara ya RN1 inatoka hapa mjini, karibu mita 800 juu ya bahari, inapanda mpaka Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Wote tumewaona wanaoshikilia malori ili wavutwe kupanda, kisha wanashuka mbio na mizigo ya ndizi. Wale wanatafuta mkate wao, hatuwacheki. Lakini wengi wameanguka, wengine hawakuamka. Mzazi, mwambie mtoto wako waziwazi: lori halishikwi, hata mara moja. Familia inayoanza isiende huko kabisa. Tafuteni kijia cha kilima kidogo, mkatembee kwa miguu kwanza mjue mawe na mashimo yako wapi.

Msisahau

Mwezi wa tatu 2022 serikali ilikataza kinga, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya mji wa Bujumbura. Kabla ya kuelekea huko, ulizeni mpaka wapi mnaruhusiwa. Wakubwa wabebe karata zao za ukimbizi, na risiti ya kinga kama ipo. Bebeni maji, pampu na viraka. Kofia ya kinga ikiwa ni moja tu, avae mtoto. Mvua ikinyesha, ahirisheni. Tope la huku linateleza kama sabuni. Kuanzia mwezi wa sita njia zinakauka, ndio wakati mzuri wa kuanza.

Tumeacha mengi nyuma tulipokimbia. Kucheka pamoja na watoto wetu tusikuache nako. Mwende polepole, mrudi wote. Safari njema!