Jiko Jembamba, Makabati Mapana



Huenda mmoja wenu akauliza: makabati ya jikoni yameingiaje katika jarida la dini? Jawabu letu ni kwamba tuliona kwa macho yetu fundi akikaribia kunyimwa ujira wake, na bibi mzee akikaribia kuchimbiwa ukuta wake, na sababu ya yote mawili ilikuwa sentimita mbili tu.

Nyumba yenyewe iko katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mpwa wetu alikuwa ameoa, naye alitaka mkewe atakapohamia akute jiko la kisasa, si meza ya mbao na rafu ya kutundika. Akaenda dukani akanunua makabati manne ya chini yaliyokwisha tengenezwa, kila moja upana wake sentimita 60. Jumla yake ni 240. Mwisho wa jiko lile upo ukuta wa nyuma na kuta mbili za ubavuni, na hapo katikati ndipo makabati yalipokusudiwa kukaa. Kijana alikuwa ameupima ukuta wa nyuma kwa tepu, usawa wa kifua chake, akapata 241. Akaona imebaki sentimita nzima ya ziada, akamshukuru Mungu, akalipa.

Siku ya Jumamosi fundi seremala akaja. Kabati la kwanza likaingia, la pili likaingia, la tatu likaingia. La nne likakataa. Wakalisukuma, wakalitoa, wakaligeuza, wakalirudisha, halikuingia. Fundi akachukua tepu yake akapima, si nyuma bali mbele, pale ambapo nyuso za makabati zingefika, tena chini karibu na sakafu. Akapata 238.

"Nani aliyepima?" akauliza.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kazi ya kupima ni ya fundi.

Tuwaache hapo kwanza, tueleze zile sentimita zilikwenda wapi. Nyumba za kale za pwani yetu, Lamu, Mombasa na Unguja, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi cha nusu mita. Mawe hayo hayana umbo moja kama matofali. Mwashi aliyapanga kwa jicho na mkono, akayapaka lipu, na waliokuja baada yake wakapaka lipu nyingine juu ya ile ya kwanza. Ukuta wa namna hii huwa na tumbo hapa na kishimo pale. Tena upana wa chumba haukuchaguliwa kwa kufikiria samani, bali ulifuata urefu wa boriti za mikandaa zilizobeba dari, ambazo kwa kawaida hazikuvuka mita 3 hivi. Na katika nyumba nyingi za mawe za Lamu jiko lilikuwa juu, darini, ili moshi upate pa kutokea. Basi chumba kifanywacho jiko leo, mara nyingi hakikujengwa kwa kazi hiyo hata kidogo.

Makabati nayo yana asili yake. Mwaka 1926 bibi mmoja msanifu wa majumba kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Upana wake haukufika mita 2, na urefu wake ulikuwa kiasi cha mita tatu na nusu. Majiko kama 10,000 ya namna ile yakajengwa. Kila kabati lilikaa mahali pake kama jino kinywani, kwani chumba na makabati vilifikiriwa pamoja. Sisi twayachukua makabati ya aina hiyo na kuyatia katika chumba cha mwashi ambaye hakuwahi kuyasikia. Si ajabu vikigombana.

Kwa hivyo anayetaka kupima na apime upana mara sita: mara tatu nyuma, yaani chini, katikati na juu, na mara tatu mbele, umbali wa sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, kwani hicho ndicho kina cha kawaida cha kabati la chini pamoja na ubao wake wa juu. Katika vipimo sita hivyo achukue kilicho kidogo kabisa. Asichukue cha kati, wala asijidanganye kwamba ukuta utapisha. Kisha akipunguze tena sentimita mbili. Apime na pembe pia. Asiye na guni aweke alama sentimita 60 kutoka pembeni katika ukuta mmoja, na 80 katika ukuta wa pili, kisha apime kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni 100 kamili, pembe ni sawa. Ikipungua, kuta zinabana kuelekea mbele, na huo ndio ugonjwa wa jiko la mpwa wetu. Sakafu nayo itazamwe kwa pimamaji, na kazi ianzie pale ilipoinuka zaidi.

Turudi kwa watu wetu. Jioni ile kijana alitujia nyumbani akiwa na hasira. "Mjomba," alisema, "fundi huyu simlipi mpaka kabati liingie. Na kama hajui la kufanya, mimi najua. Kesho naleta tindo, ukuta uchimbwe."

Tukamwuliza: ukuta upi? Wa kulia una bomba la maji ndani yake. Wa kushoto ni wa shirika, upande wa pili analala Bi Mkubwa jirani, mjane ambaye amekaa pale tangu kabla kijana huyu hajazaliwa. Akasema ni lipu tu, sentimita mbili, nani atajua?

Hapa ndipo jambo la kabati lilipogeuka kuwa jambo la dini. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanafunzi wa pwani yetu hukisoma, kwamba ukuta ukiwa wa washirika wawili, mmoja wao hana ruhusa hata ya kupigilia kigingi bila ya idhini ya mwenziwe. Ikiwa kigingi ni hivyo, tindo je? Ni kweli imo katika Bukhari na Muslim Hadithi ya Abu Huraira inayomtaka mtu asimzuie jirani yake kuweka mti katika ukuta wake, na wanavyuoni wa Kishafii, kwa kauli yao ya baadaye, wameifahamu kuwa ni pendekezo la hisani wala si lazima. Lakini Hadithi hiyo yasema na mwenye ukuta, ili awe mkarimu. Haimpi jirani tindo aingie nayo usiku. Tena lipu ile, mbali na sheria, ndiyo ngozi ya ukuta wa matumbawe. Ukiichuna mahali pa maji, unyevu huingia katika mawe, na atakayeuona kwanza ni yule aliyelaza kitanda upande wa pili.

Kijana akatulia. Akauliza kama basi kabati lenyewe haliwezi kukatwa.

Laweza, lakini kwa hasara. Ubao wa chini, wa nyuma, rafu na vipande vya mbele vyote vyapasa kupunguzwa sawasawa. Na wengi husahau mlango, ambao nao hupunguzwa, ukapoteza ukingo wake uliofunikwa kiwandani. Makabati mengi ya madukani siku hizi ni ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ukingo ulioachwa wazi hunywa maji na kuvimba kama mkate ndani ya chai. Wapo mafundi wengine ambao hutoa ubao mmoja wa ubavuni ili makabati mawili yaegemee ubao mmoja, wakapata karibu sentimita mbili. Lakini milango yabaki na upana ule ule, na bawaba hazina pa kushika. Rai yetu ni kwamba kabati zima lisikatwe ila likikosa njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwepo, na fundi aliisema tangu Jumamosi asisikizwe: libadilishwe kabati moja la 60 kwa moja la 45. Jumla iwe 225, ibaki nafasi ya sentimita 13. Nafasi hiyo si upungufu. Kabati lililogusana na ukuta wenye tumbo halifunguki sawasawa. Mlango wake hugonga lipu, na mtoto wa kabati hukwama njiani. Hapana budi pawe na kipande cha ubao baina yake na ukuta, hata katika nyumba iliyonyooka.

Jumatatu mwenye duka alilipokea kabati, kwa kuwa halikuwa na mkwaruzo, akatoa dogo na kurudisha tofauti ya bei. Hakulazimika. Huko kukubali kuvunja mauzo kwa ajili ya mnunuzi aliyejuta ndiko wanavyuoni wanakokuita iqala, na kuna thawabu.

Likabaki la ujira. Tulimwambia mpwa wetu kwamba tepu ilikuwa mkononi mwake, wala fundi hakuitwa ila baada ya makabati kununuliwa; kwa hivyo Jumamosi ile ni siku ya kazi iliyokwisha fanywa, na deni lake li juu ya aliyepima. Angekuwa fundi ndiye aliyepima na kuyatengeneza, hukumu ingegeuka: Majalla ya Dola ya Uthmania, iliyokamilika mwaka 1876, humpa mwagizaji hiari iwapo kitu kilichotengenezwa hakikuafikiana na sifa walizopatana. Ndiyo maana twawasihi vijana waandike vipimo katika karatasi, na jina la aliyepima. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika madeni. Sisi twanunua jiko zima kwa maneno ya mlangoni.

Kijana alilipa siku mbili. Fundi akaja na kipande cha ubao, akakisimamisha kushoto, akakokota penseli kufuata tumbo la ukuta kutoka juu hadi chini, kisha akakipiga randa kwenye ule mstari. Kilipokaa, hukuweza kutia hata ukucha.

Bibi arusi alipokuja, swali lake la kwanza halikuhusu makabati. Aliuliza mbuzi ya kukunia nazi itakaa wapi, maana wanaume wawili na fundi mmoja walikuwa hawakuifikiria. Ikawekwa chini ya dirisha. Katika pengo la sentimita 10 lililobaki upande wa kulia akasimamisha masinia ya pilau, na moja alilipeleka kwa Bi Mkubwa siku ile ile, likiwa limejaa.