Tusingoje Maumivu

Akina mama wa Ngana, kule Kyela, hawangoji magugu yaufunike mpunga ndipo waanze palizi. Huingia shambani mapema, magugu yakiwa bado machanga. Lakini kuhusu miili yetu wenyewe, mara nyingi tunafanya kinyume. Tunangoja mpaka tuumwe.

Mlango wa kizazi umefunikwa na utando laini. Virusi viitwavyo papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana, vyaweza kuingia katika utando huo. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikidumu, chembechembe za utando huanza kubadilika. Hiyo bado si saratani. Kwa kawaida hupita miaka 10 hadi 20 kabla ya kufikia huko, ingawa kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI muda huo waweza kuwa mfupi zaidi. Katika kipindi hicho, kwa kawaida mama haoni damu wala hasikii maumivu.

Hapo ndipo tunapokosea. Damu ikitoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, ndipo tunakimbilia hospitali. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata saratani hii, na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi hufika katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Kipimo chenyewe hakitishi. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja hivi. Sehemu iliyobadilika huonekana nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku ile ile, kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto. Hatulazwi wala hatuondolewi kizazi.

Baada ya tiba, mama huambiwa apumzike tendo la ndoa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo, dada mpendwa, zungumza na baba watoto kabla ya kwenda. Mweleze pia kwamba kukutwa na mabadiliko haya si ushahidi wa uzinzi. Virusi hivi ni vya kawaida sana, na vyaweza kukaa kimya miaka mingi. Ndoa isivunjike kwa jambo ambalo lingetibiwa kwa dakika chache.

Tusiwasahau mabinti zetu. Tangu mwaka 2018 chanjo ya kuwakinga inatolewa nchini kote, na mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hata hivyo, chanjo haiondoi mabadiliko yaliyokwisha kuanza kwetu sisi mama zao.

Basi, wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na wenye virusi vya UKIMWI hata kabla ya hapo, tuulize katika kituo cha afya kilicho karibu kipimo hiki hutolewa wapi na siku gani. Anayeona haya aandamane na jirani yake. Twende tukiwa wazima.