Je, Wajua? Mwasho wa Pareto Huja Kesho Kutwa

Je, wajua kwamba mchumaji wa pareto kule Molo, Kenya, anaweza kushika maua Jumatatu, akalala salama, kisha Jumatano akaamka na mabaka mekundu na vilengelenge mikononi? Pengine atailaumu sabuni aliyofulia jana. Masikini sabuni!

Pareto, ambayo asili yake ni pwani ya Dalmatia, ilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa nchi hii ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Kiwanda cha kuikamua kiko mjini Nakuru. Katika dawa ya wadudu itokanayo na ua hilo, kinachoua mbu ni pairethrini. Kinachowasha watu hasa ni kemikali nyingine ya ua hilohilo, pairethrosini. Dawa ikisafishwa kiwandani kemikali hiyo hupungua sana, kwa hiyo shida iko zaidi shambani na penye kuanikia maua.

Pairethrosini ni ndogo mno kiasi kwamba peke yake kinga ya mwili haiitambui. Ikipenya ngozini hujibandika kwenye protini zetu. Hapo seli za Langerhans, zilizogunduliwa na Paul Langerhans mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, huipeleka kwenye tezi za limfu na kuionyesha kwa seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu. Seli hizo huchukua wiki moja au mbili kujiandaa, na mhusika aghalabu haoni dalili yoyote. Akishika ua tena, seli T zenye kumbukumbu hutoka kwenye damu, hujaa ngozini na kuita nyingine. Uvimbe hufika kilele baada ya saa 48 hadi 72.

Ni muda uleule muuguzi anaokwambia urudi kusomewa kipimo cha TB cha Mantoux, kwa kuwa kazi ni ya seli zilezile.

Mwaka 1942 wanasayansi Karl Landsteiner na Merrill Chase waliweza kuhamisha mzio wa aina hii kutoka simbilisi mmoja hadi mwingine kwa kumdunga seli. Majimaji ya damu yasiyo na seli hayakufua dafu. Kwa kuwa kazi ni ya seli, vidonge vya mzio vinavyozuia histamini navyo havisaidii sana hapa.

Kumbukumbu ya seli T hudumu miaka, tena haichagui sana. Pareto ni ukoo mmoja na krisanthemamu, hivyo aliyeacha kuchuma akapata kazi ya kufunga mashada anaweza kuwashwa na ua ambalo hajawahi kuligusa.