Mtoto Mchanga na Usingizi wa Mchana, Wakubwa Wakiwa Nyumbani



Karatasi hii inawahusu ninyi wa kambini pamoja na jamaa zenu wa mjini. Wakimbizi wa Burundi walipofika Rwanda mwaka 2015, wengi walipelekwa kambi ya Mahama, wengine wakapanga vyumba Kigali. Baadhi wako Kicukiro, katika sekta kama Gikondo, Gatenga na Kanombe. Mkipeleka mgonjwa hospitali ya Kanombe, huenda mkafikia kwao, na mtakuta shida ileile ya hapa: chumba kimoja, watoto wanne, na mchanga anayeamshwa kila akisinzia.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi minne anahitaji usingizi wa saa 14 hadi 17, mchana na usiku pamoja. Tangu miezi minne hadi 11 ni saa 12 hadi 16. Akikosa wa mchana, usiku nao huharibika, maana mtoto aliyechoka mno hulia badala ya kulala. Msingoje alie. Akipiga miayo, akisugua macho au akigeuza uso, mlazeni.

Si lazima nyumba iwe kimya. Maongezi, sufuria, hata mvua juu ya mabati, mtoto huvizoea. Kinachomwamsha ni kelele ya ghafla, na mikono ya ndugu zake. Kwa hiyo msiwaambie wakubwa "nyamazeni" kutwa nzima. Hawataweza, nanyi mtachoka. Chagueni usingizi mmoja mnaoulinda kweli, saa ambayo wengi wako shuleni. Siku za mapumziko, wacheze nje mahali mtu mzima anapowaona. Kule Kicukiro ua ni wa wapangaji wote na nje ya geti zinapita pikipiki, basi mpatane na jirani: leo yeye awaangalie wenu, kesho ninyi wa kwake.

Mgumu kuliko wote ni yule wa miaka miwili au mitatu. Si mtukutu, ameona mgongo wa mama umechukuliwa na mwingine. Kabla ya kumlaza mdogo, kaeni naye kidogo, kisha mpeni kazi: alete kitenge, asaidie kutandika. Mara nyingi hutulia akijiona ana cheo. Lakini msimwache peke yake na mchanga. Atamfunika uso kwa upendo, naye hajui kwamba mtoto atakosa pumzi.

Mlazeni mchanga chali, mahali pasipobonyea, bila mto wala nguo karibu na uso, ndani ya chandarua. Asilazwe katikati ya kaka na dada waliolala. Mmoja akigeuka anaweza kumlalia. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kukiwa na baridi ya masika. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua watu wamelala. Akibebwa mgongoni, pua na mdomo vibaki wazi.

Jambo jingine tunalisema waziwazi: msimzuie binti kwenda shule ili abembeleze mtoto. Akirudi, nusu saa inatosha, kisha afanye masomo yake. Kaka yake naye ana mikono. Baba pia, ingawa tunajua wapo watakaocheka wakisoma hapa.

Usingizi mwingine si wa kawaida. Mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukihesabiwa. Kama haamki hata akiguswa, anakataa titi, amelegea, au mwili una joto kali au ni baridi, msimwache alale akidhaniwa amechoka. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.